Mizinga ipo, maua hayapo: kisa cha asali ya kilimo hai Moshi Vijijini

Kuna mama mmoja ana kiwanda kidogo hapa Moshi mjini, anatengeneza granola, biskuti za shayiri na siagi ya karanga yenye asali, na wateja wake wengi ni hoteli na maduka ya Arusha yanayouzia watalii. Miaka michache iliyopita mteja wake mkubwa akamwambia anataka bidhaa zote ziwe za kilimo hai, zenye alama ya Kilimohai kwenye lebo, na baadae ikiwezekana zivuke mpaka Ulaya. Karanga akapata, ufuta akapata, nazi kavu akapata. Kilichomkwamisha ni asali. Nakiandika kisa hiki chote kwa urefu kwa sababu nimekifuatilia karibu tangu mwanzo, na kwa sababu watu wengi Kilimanjaro na Arusha naona wanapita njia ileile, hela ikipatikana tu kitu cha kwanza kununuliwa ni mizinga, wakati kwa ninavyoona mimi mzinga ndo kitu cha mwisho kabisa kwenye hii kazi.

Kwanza tuelewane kwa nini asali peke yake iliweza kuzuia bidhaa nzima. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, ile iliyoanza kutumika Januari 2022, bidhaa ya kusindikwa haiwezi kubeba jina la kilimo hai mpaka angalau asilimia 95 ya viambato vyake vinavyotokana na kilimo, kwa uzito, viwe vya kilimo hai. Kwenye granola ya huyu mama asali ni kama sehemu moja ya tano. Kwahiyo hata karanga na ufuta vyote vikiwa na vyeti, asali ikiwa ya kawaida tu basi lebo imekufa. Na ile janja ya kusema nusu natia yenye cheti nusu natia ya sokoni haipo, kiambato kimoja hakiruhusiwi kuwepo kwa sura mbili kwenye bidhaa moja.

Mtu atauliza, si Tanzania ni ya pili Afrika kwa asali nyuma ya Ethiopia, tani kama elfu 30 kwa mwaka? Ni kweli, na sehemu kubwa yake inatoka kwenye misitu ya miombo huko Tabora, Katavi, Singida. Mama alishaulizia huko. Lakini pakiti zake zimeandikwa Kilimanjaro na wateja wanalipia hilo jina, na zaidi ya hapo alikuwa tayari ana mazungumzo na kikundi cha akina mama wa Moshi Vijijini ambao mfadhili fulani aliwapa mizinga. Akaona hapa hapa nyumbani kuna mzigo, kwa nini aende mbali.

Sasa hiyo mizinga. Iliwekwa upande wa chini, kule vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga yenye migomba na kahawa, vinapoishia na mashamba ya tambarare yanapoanzia, kwa sababu eneo lilikuwa wazi, lori lilifika, na mwenye shamba alikubali. Hakuna aliyeuliza nyuki watakula nini. Kuzunguka pale kuna mifereji, na penye mifereji siku hizi kuna nyanya, vitunguu na maharage mwaka mzima, na penye nyanya mwaka mzima kuna bomba la mgongoni la kupulizia dawa kila wiki. Fundi aliyetengeneza mizinga naye alishaipaka oili chafu mbao zote kuzuia mchwa, kama wanavyofanya mafundi wengi, na hiyo peke yake inaharibu habari ya kilimo hai kabla nyuki hajaingia, maana mzinga unatakiwa uwe wa malighafi za asili zisizoleta uchafu kwenye asali wala kwenye nta.

Msimu wa kwanza makundi yaliingia mengi, watu wakafurahi. Halafu yakaanza kupungua. Asubuhi moja katibu wa kikundi akanipigia, "Kaka njoo uone mwenyewe, mimi sielewi." Nikafika kama saa mbili hivi. Chini ya mizinga mitatu ya mwanzo kulikuwa kumetapakaa nyuki waliokufa, wengine bado wanazunguka palepale kama wamelewa, hawawezi kuruka. Katibu akakusanya kiganja kizima akawaweka kwenye kanga, tukawaangalia kwa karibu. Karibu wote ule mrija wa kunyonyea umetoka nje umenyooka. Hiyo ni dalili inayojulikana ya nyuki aliyekufa kwa sumu ya wadudu, hakufa kwa njaa na hakufa kwa baridi. Ng'ambo ya mfereji maharage yalikuwa yamechanua meupe shamba zima, na kijana alikuwa anamalizia mstari wa mwisho na bomba lake. Hakuwa anafanya kosa lolote kwa anavyojua yeye, alikuwa anaua vidukari.

Wale waliobaki hawakufa, walihama. Nyuki wetu wa Afrika hana subira na njaa, akiona hapaliki anabeba kundi zima na malkia wake anaondoka, unabaki na mzinga wenye masega makavu na nondo wa nta. Wauza mizinga wanakutajia kilo 15 au 20 kwa mzinga kwa msimu, na inaweza kuwa kweli mahali penye kundi imara na maua ya kutosha, ila hilo neno la mwisho huwa wanalipitia haraka sana.

Kile kidogo kilichorinwa nacho kikaleta shida kiwandani. Mama alishaleta refraktomita yake, kale kadude kanakopima maji kwenye asali, akadondosha tone, akaangalia kwenye mwanga: 22. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni asilimia 20 isizidi. Ndoo ya pili vilevile. Akina mama walikuwa wamerina masega ambayo hayajazibwa, kwa sababu waliogopa wezi na mvua ilikuwa inakuja, na asali ambayo nyuki hawajaifunga kwa nta bado haijaiva, wenyewe walikuwa wanaendelea kuipunguza maji. Asali ya namna hiyo inachacha ndani ya ndoo. Kwenye granola ni mbaya zaidi, inalainisha nafaka, pakiti inapoteza ule ukavu wa kutafuna na ukungu unakaribishwa. Mmoja akapendekeza ichemshwe maji yatoke. Hapo mama wa kiwanda alikataa katakata na alikuwa sahihi, ukiipasha asali moto mkali kitu kinaitwa HMF kinapanda, Codex inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali za nchi za joto, na asali iliyopita hapo maabara inaonekana tu kwamba imeunguzwa au imekaa kwenye joto muda mrefu. Na Moshi mjini ukiacha ndoo kwenye stoo ya bati miezi kadhaa hata moto huhitaji.

Basi hapo ndo tulipokaa chini na ramani, na kwangu mimi kisa chenyewe kinaanzia hapa.

Kanuni ya kilimo hai upande wa nyuki haiangalii mzinga peke yake. Inaangalia duara la kilomita 3 kutoka ilipo manzuki, yaani eneo mizinga ilipowekwa, kwamba ndani ya duara hilo mbochi, yale maji matamu ya maua, na chavua vitoke kwa sehemu kubwa kwenye mazao ya kilimo hai, au mimea inayojiotea, au mazao yanayotunzwa kwa njia zisizoumiza mazingira. Chukua kalamu upige hesabu, duara la nusu kipenyo kilomita 3 ni kilomita za mraba 28 na kidogo, karibu ekari elfu 7. Sasa niambie Kilimanjaro ni nani ana ekari elfu 7. Kihamba cha kawaida hakifiki hata ekari mbili, vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vingine ni upana wa nyumba na migomba kumi. Kwahiyo ndani ya duara moja kuna maelfu ya kaya, na kila kaya ina uamuzi wake wa kupuliza au kutopuliza. Kikundi cha akina mama kinaweza kusimamia mizinga yao vizuri kabisa, ila asali yao inatengenezwa kwenye mashamba ya watu ambao hawamo kwenye kikundi, hawana mzinga, na hakuna aliyewahi kuwapigia hodi.

Uamuzi wa kwanza ukawa kuhamisha manzuki kwenda juu, karibu na mpaka wa msitu. Sio ndani ya msitu, ieleweke, tangu 2005 msitu wa mlima umeingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na huwezi kwenda kutundika mizinga unavyotaka, na zaidi ya hapo moto wa warina asali wa kienyeji ni moja ya vitu vinavyolaumiwa kila mlima ukiungua, na wote tunakumbuka Oktoba 2020 ilivyokuwa. Lakini ukiweka manzuki kwenye kihamba kilicho chini kidogo ya mpaka, nusu ya duara lako inaangukia msituni ambako hakuna mtu anapuliza chochote. Ekari elfu 7 zinabaki elfu 3 na nusu za kuongea na watu. Bado ni nyingi ila sasa ni kata moja na vijiji vyake, kitu ambacho mwenyekiti wa kijiji na bwana shamba wanaweza kukizunguka.

Huko juu kuna kingine cha maana, kihamba chenyewe cha zamani kilikuwa tayari ni makazi ya nyuki. Juu mruka na mringaringa, katikati ndizi, chini yake kahawa, chini kabisa maharage na magimbi na majani ya ng'ombe, kwenye mpaka masale, kando ya mfereji kivumbasi na tugutu. Kila ghorofa inachanua kwa wakati wake. Hicho kitu babu zetu hawakukiita ikolojia, lakini kilifanya kazi. Kilichotokea kwenye vihamba vingi, hasa kahawa iliposhuka bei, watu wakang'oa kahawa, wakakata miti mikubwa wakauza mbao, wakaingiza mahindi au mgrivea mtupu au mboga za biashara, na wengine wakaanza kupuliza dawa ya magugu chini ili wasipalilie. Hiyo dawa ya magugu watu hawaihesabu kwamba inagusa nyuki, lakini kishona nguo na kivumbasi ndo uji wa nyuki kipindi miti haina ua, ukiviua umeua nyuki bila hata kumgusa.

Na kipindi hicho kipo, na ndo kilikuwa kinahamisha makundi. Masika ikiisha, kuanzia Juni mpaka Agosti, upande wa juu ni baridi na ukungu, jua linachelewa, nyuki wanatoka masaa machache na wakitoka hawakuti kitu. Mfugaji wa kawaida angeweka sukari kwenye kisahani. Kwenye kilimo hai kulisha kunaruhusiwa tu kundi likiwa hatarini kufa, na hicho chakula chenyewe kiwe cha kilimo hai, asali au sukari, sasa sukari ya kilimo hai Moshi unaipata wapi na kwa bei gani. Dawa ni mbili tu, kutorina kila kitu ili nyuki wabaki na akiba yao, na kupanda maua ya hiyo miezi.

Kikundi wakafanya kitu nilichokipenda sana. Walichukua daftari la shule, kila mama akapewa njia yake ya kawaida, ya kwenda kanisani au sokoni au kukata majani, na akitembea anaandika kimechanua nini na nyuki wapo au hawapo. Mwaka ukizunguka wakawa na kalenda ya maua ya kijiji chao wenyewe, ambayo hakuna kitabu kingewapa, kwa sababu parachichi la juu halichanui wiki moja na la chini, na kahawa inasubiri mvua ya kwanza inachanua siku chache tu kijiji kizima kinanukia halafu imeisha. Mashimo ya kwenye kalenda yakaonekana wazi. Wakajaza mashimo, wakapanda kaliandra kwenye kingo za matuta kwa sababu inachanua karibu muda wote na ng'ombe anaila majani, wakarudisha mringaringa na msesewe kwa mbegu zilizookotwa chini ya miti iliyobaki kwa wazee, wakaacha tugutu na alizeti pori kwenye mipaka badala ya kufyeka kila Jumamosi. Hapa niseme wazi, nilikuwa napinga mkaratusi kwa nguvu zote, kuna waliotaka kuupanda kwa sababu nyuki wanaupenda na mbao zinauzika, ila kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, mkaratusi ni kukausha maji ya jirani, na kazi nzima hii inategemea jirani akuone mtu mwema.

Tukaingia sasa kwenye mazungumzo yenyewe na majirani, na hapa sitapita haraka.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu za binadamu zisiwe ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kila mtu anaijua hiyo mita 60 na kila mtu anaivunja, kwa sababu ardhi hakuna. Kuna mtu kwenye mradi alitaka waanzie hapo, waende na barua ya mtendaji, wawaondoe wakulima wa nyanya kwenye ukingo halafu wapande miti ya nyuki. Mwenyekiti wa kikundi alikataa. Alisema ukimtoa mtu kwa barua leo, kesho anakuja usiku na kiberiti kwenye manzuki, na mimi namuunga mkono. Badala yake walienda nyumba kwa nyumba. Nilikuwepo kwa mzee mmoja ambaye nyanya zake zilikuwa zinafika mpaka kwenye maji kabisa. Salamu, shikamoo mzee, marahaba, tukakalishwa, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja:

"Mama, nina watoto wawili sekondari. Hao nyuki wenu watanilipia ada?"

Mwenyekiti hakumjibu kuhusu asali. Akamuuliza, "Mzee wangu, zile pasheni zako za kwenye uzio mbona maua yanadondoka tu, hazishiki?"

Mzee akasema hajui, mbolea ameweka, maji anamwagilia.

Ndo akaelezwa. Ua la pasheni ni kubwa, nyuki wa asali anapita chini anakunywa mbochi anaondoka na mgongo wake haujagusa chavua. Anayelichavusha vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki, anayetoboa mbao kavu na kukaa humo. Na mzee alikuwa amekata kila kisiki kikavu na kupuliza kila wiki. Nyanya nayo chavua yake imefungwa ndani ya vijibomba, inatoka vizuri ikitikiswa, na wapo nyuki wa porini wanaong'ata ua na kulitetemesha mpaka chavua inamwagika, nyuki wa asali hiyo kazi haiwezi. Nzi wa maua nao, wale wamevaa mistari kama nyigu, watoto wao wanakula vidukari, ambavyo ndo hasa mzee alikuwa anavipulizia. Yaani dawa aliyonunua ilikuwa inaua pia vibarua waliokuwa wanamfanyia kazi bure.

Mzee hakukubali siku ile. Alikubali kujaribu baada ya kutembelewa tena na baada ya bwana shamba kuja kuangalia na yeye vidukari vilivyo. Makubaliano yalikuwa madogo, ukanda wa kwanza kabisa wa ukingo aache majani na apande kaliandra, ambayo anakata kwa ajili ya mbuzi wake. Sumu asipulize kwenye ua. Akilazimika kupuliza nje ya hapo, apulize jioni nyuki wameshalala, aoneshe kopo, na kopo liwe la dawa iliyosajiliwa na TPHPA, hao wa Ngaramtoni wanaosimamia viuatilifu, sio chupa ya maji iliyojazwa kitu kwa kipimo cha kifuniko sokoni. Mimi naamini lile swali la pasheni lilifanya kazi ambayo semina ingekesha haijaifanya. Jirani asiye na mzinga hana sababu ya kujali asali yako, ila ana sababu zote za kujali tunda lake lishike.

Kwenye kahawa ilikuwa rahisi zaidi kuliko nilivyodhani. Wazee waliogopa kwamba kilimo hai maana yake wasipulize kopa, ile dawa ya shaba, na bila kopa chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, inamaliza matunda. Kumbe kopa inaruhusiwa kwenye kilimo hai, kwa kiasi chenye kikomo, na waliopanda chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungu, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani wanahitaji kidogo sana. Kuna pia utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro ukachapishwa 2014, walifunika matawi ya kahawa nyuki wasifike na mengine wakaacha wazi, yale yaliyofikiwa na wachavushaji matunda yalikuwa mazito zaidi kwa asilimia kama 7. Arabika inajichavusha yenyewe ndio, lakini nyuki akipita punje inanenepa. Kwa mwenye kahawa anayeuza kwa kilo hiyo haihitaji maelezo marefu.

Na watu wapunguze hofu moja, majirani wote wa kwenye duara hawahitaji cheti. Wanaohitaji cheti ni wafuga nyuki. Majirani wanahitajika tu wasiwe chanzo cha sumu kwenye maua. Na sehemu isiyo na ua haihesabiwi kipindi hicho, kwahiyo mahindi ya mtu yaliyopulizwa yakiwa madogo sio sawa na maharage yaliyopulizwa yakiwa meupe. Hiyo tofauti ndogo iliokoa kaya nyingi kwenye ramani yetu.

Kuhusu hela, na hapa ndo sehemu niliyoona mama wa kiwanda ana akili kuliko wafadhili wote waliopita. Yeye alitaka kulipa bei nzuri kwa kilo, kama kila mnunuzi anavyosema. Kikundi kikamwambia bei nzuri kwa kilo inamfikia mwenye mzinga tu, na mwenye mzinga sio anayeacha kupuliza. Wakakubaliana sehemu ya bei ya kila kilo inatengwa kwenye mfuko wa maua, na mfuko huo unanunua miche, mbegu na wakati mwingine dawa ya asili kwa ajili ya wale wa kwenye duara wasio na mizinga. Sio hela nyingi. Lakini mtu akipewa miche ya parachichi iliyobebeshwa, na akaambiwa hii imetoka kwenye asali, anaanza kuwauliza wenzake kwa nini wanapuliza asubuhi. Na parachichi lenyewe linahitaji nyuki kwelikweli, ua lake linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike, likafunga, siku ya pili kama dume, kwahiyo bila mdudu wa kubeba chavua kutoka ua lililo dume kwenda lililo jike kwa saa hiyo, unabaki na mti mzuri wa kivuli.

Mizinga yenyewe ilibidi itengenezwe upya, ile ya oili chafu ikatolewa kabisa. Mbao mpya zikapakwa nta na mafuta ya kitani, miguu ya stendi ikawekwa kwenye makopo ya maji kuzuia siafu. Moshi wa kurinia ni maganda ya maharage na mavi makavu ya ng'ombe, sio gunia la plastiki. Nta ya zamani hairudishwi. Halafu ni mwaka mzima wa kungoja, hicho ndo kipindi cha mpito kwa nyuki, na mwaka huo asali yote mama aliinunua kama asali ya kawaida na kuiweka kwenye bidhaa isiyo na lebo ya kilimo hai. Kikundi kingekuwa hakina mnunuzi wa kipindi cha kungoja kingevunjika, sina shaka na hilo.

Kuna la nyuki wadogo pia, wasiouma. Akina mama kadhaa wanao kwenye mizinga midogo chini ya paa, na kwa kweli wangefaa sana maana hawaruki mbali kama nyuki wakubwa, duara lao ni dogo, rahisi kulisafisha. Asali yao inauzwa ghali na watu wanaitafuta kama dawa. Ila ina maji mengi kuliko asilimia 20 kwa asili yake, hata ikiiva kabisa, na ina uchachu wake. Kwenye granola haiingii. Mama wa kiwanda akaamua kuichukua kidogo kama ilivyo, kwenye vichupa vidogo, kama bidhaa ya peke yake, na nyuki wakubwa wabaki wa kiwandani.

Kilichobaki mezani mpaka sasa ni cheti kiwe cha nani. Mara nyingi mnunuzi ndo analipia ukaguzi na cheti kinakaa kwa jina lake, halafu mkulima akipata bei bora kwa mwingine hawezi kuondoka, maana nje ya mnunuzi yule asali yake ni asali tu. Kanuni mpya ya Ulaya imebadilisha hilo, kundi linatakiwa liwe ni la wakulima wenyewe, limesajiliwa kisheria, wanachama wasizidi 2,000, na lina mfumo wake wa ndani wa kujikagua. Kwa soko la Afrika Mashariki kuna njia nyepesi ya kuanzia, mfumo shirikishi ambapo wakulima wanakaguana wenyewe kwa kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2007 na kupata ile alama ya Kilimohai, na kikundi kimechagua kuanza na hiyo. Mama amekubali cheti kiwe cha kikundi, yeye awe wa kwanza kuulizwa kabla ya kuuziwa mtu mwingine. Bado wanabishana refraktomita ikae kijijini au kiwandani. Kikundi wanataka ikae kwao, ndoo ipimwe mbele ya aliyeirina, na mimi nimeshamwambia mama anunue ya pili.